Punje Nilizozisaga

Baba alipopata kiharusi, koo lake lilikataa kumeza kitu kigumu. Ndizi tulimpondea, chai alikunywa kwa kijiko. Kwa hiyo nilipokwenda duka la dawa mjini kuchukua dawa yake mpya ya presha, nilimwambia muuzaji wazi kwamba mgonjwa hawezi kumeza kapsuli.

Hakuinua macho kwenye simu yake. "Ifungue, weka kwenye uji. Kutwa mara moja."

Asubuhi yake, nyumbani Kisondela, nilifungua kapsuli ya kwanza. Nilitarajia unga. Zikamwagika punje ndogo nyeupe, za mviringo kama ulezi. Niliogopa zitampalia, nikazisaga katikati ya vijiko viwili mpaka zikalainika, nikakoroga kwenye uji. Baba alimaliza bakuli lote. Nilijiona mlezi hodari.

Kabla ya saa sita mama aliniita kutoka barazani. Baba alikuwa amelegea kwenye kiti, jasho la baridi linamtoka, midomo imepauka. Tulimwita, hakuitika. Tukampakia kwenye bodaboda, dereva mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, na barabara ilikuwa tope tupu. Njia nzima nilikuwa nasikiliza kama bado anapumua.

Kwenye kituo cha afya tabibu, mama mmoja mpole, alimtundikia dripu, akakaa naye mpaka mapigo ya moyo yaliporudi kawaida. Kisha akaniuliza nilimpa nini. Nikamweleza, mpaka habari ya vijiko.

Alivuta pumzi. "Dada, zile punje hutengenezwa kwa utomvu wa mwani, halafu zinavikwa ganda jembamba. Ganda ndilo linaloachia dawa kidogo kidogo, mpaka kesho yake. Wewe umelivunja. Umempa dawa ya siku nzima kwa mkupuo mmoja."

"Sasa nitampaje?"

"Hii haimfai tena. Nitambadilishia. Lakini siku nyingine ukikutana na punje kama hizo, uliza kwanza. Nyingi hunyunyizwa tu juu ya uji uliopoa, mgonjwa anameza bila kutafuna."

Sentensi moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa imekosekana, na nusura imuue baba yangu.

Aliporuhusiwa nilirudi dukani, sikusubiri hata kubadili nguo. Nilimweleza yule muuzaji yote. Safari hii aliweka simu chini.

"Nilikwambia ufungue," akasema. "Sikukwambia usage."

"Ulinikataza kusaga?"

"Maelezo yamo kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi."

Karatasi hiyo nilikuwa nayo mkononi. Ilikuwa na Kiingereza na Kifaransa, herufi ndogo kuliko chawa. Nikaikunjua mbele yake juu ya kaunta, nikamwomba anionyeshe Kiswahili kilipo. Wateja wawili walikuwa wakisubiri nyuma yangu. Muuzaji aliitazama, kisha akachukua kalamu na kuniuliza niandikiwe nini. Nikamwambia asiniandikie mimi, mimi nimeshajua. Awaandikie wanaokuja.

Hakuandika. Alimwuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu anataka nini.

Baba sasa anakaa barazani na anaweza kushika kikombe mwenyewe. Nilipomsimulia, alisema kwa sauti yake nzito ya siku hizi, "Mwanangu, achana naye."

Sijaachana naye. Kila nikipita pale naingia, naangalia kama kuna kilichoandikwa ukutani. Mpaka leo ukuta ni mweupe.