Siku Nilipoitikia Gitaa ya Kaka Safari

Kuna watu wa Kalembe ambao mpaka leo wakikutana nami njiani hawanisalimii kwa "jambo", wananiambia "bien reçu", yaani nimekupata vizuri, halafu wanacheka mpaka wanashika magoti, nami nacheka nao kidogo kwa sababu najua nikinuna watarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, ninakubali. Ila wanaposimulia wanaongeza kwamba nilipiga magoti, na hiyo si kweli. Nilisimama.

Kaka yangu Safari alikuwa mpiga gitaa wa chorale, kwaya ya kanisa, pale Kalembe. Gitaa yenyewe ilikuwa ya umeme, ya Kichina, ya bei ya chini, nyekundu, kutoka Goma, ile ambayo unainunua leo na kesho funguo zake zinaanza kuteleza, lakini yeye aliitengeneza na kuitengeneza mpaka ikapata sauti: alilainisha vyuma vya shingo kwa tupa ya kunolea panga, uzi mmoja ulipokatika akaweka unyuzi wa waya wa breki ya baiskeli, na ukimsikia Jumapili huwezi kujua kama ni kitu cha bei ndogo. Alipofariki mimi nilikuwa kijijini kwangu Ntoto kwenye mihogo yangu, na barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita mnavyovijua, nikafika Kalembe wakati udongo wa kaburi umekwisha kukauka. Sikumwona. Sikumwambia kitu. Hilo ndilo lililonikaa kooni.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga, jamaa wanaketi na kugawana vitu vya marehemu. Papa Mukubwa (ndugu mkubwa wa baba yetu, neno la mwisho ni lake) aliniachia ile gitaa niende nayo Ntoto kujifunza, akaniambia, "Siku ya matanga utaipiga mu kanisa. Ikiimba muzuri, iko yako. Ikilia tu kama mbuzi, tutaipatia chorale." Nami niliitaka ile gitaa kuliko nilivyowahi kutaka shamba.

Sasa, mtu mwenye akili angeipiga vile ilivyo. Mimi nikasema hapana, nitaiongezea heshima. Nikamtuma mtu wa pikipiki aniletee kutoka Goma nyuzi mpya na zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi na kuchukua sauti yao, nikafungua kifuniko cha nyuma kwa kisu cha jikoni, na ndani nikakuta kaka amebandika karatasi za fedha za pakiti za sigara, kila kona, kwa uji wa muhogo, pamoja na kawaya keusi kalikotoka kwenye chuma kinachoshika nyuzi, ambako sikuona kanafanya kazi gani. (Kaka hakuvuta sigara hata siku moja, kwa hiyo aliziokota, na hilo peke yake lilipaswa kunifanya nifikiri.) Nikasema, masikini, alikosa vitu vya maana akajaza uchafu. Nikakwangua zote kwa kijiko. Kawaya nikakakata. Nikaweka sumaku mpya, nikaunganisha kwa risasi niliyoyeyusha kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa, nikajaribu kwenye spika ya redio ya zamani, ikatoka sauti safi kama maji. Usiku ule nililala nayo kitandani, mke wangu akaenda kulala na watoto.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa, amplifikateri ya kukuza sauti iliwashwa kwa batri ya sola, mimi mbele nimevaa koti la kaka ambalo mikono yake ni mirefu kwangu. Nikaanza wimbo alioupenda. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri, na wa pili, nikamwona Papa Mukubwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekwisha kuamua, na Mama Neema, mjane wa kaka, ameinamisha macho chini. Nikainua mkono kuacha chorale waimbe peke yao. Hapo spika ikavuta pumzi, halafu ikatoka sauti ya mwanaume, nzito, ya puani, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi.

"Ntoto. Ntoto. Unanisikia?"

Waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja, mpiga ngoma akiwa wa mwisho. Mama mmoja nyuma akasema Yesu wangu. Sauti ikarudia, "Ntoto, unanisikia? Sema."

Na katika kanisa lile lote mtu wa Ntoto alikuwa mimi.

Niseme wazi, sikufikiri. Niliinamia mikrofoni, nikasema mbele ya watu wote, "Nakusikia, kaka. Ni mie Bahati. Nilichelewa kukuzika, kaka. Njia ilifungwa. Unisamehe."

Halafu gitaa ikajibu, "Bien reçu."

Sijui kama mnaweza kuelewa vile kifua changu kilifunguka. Kwa pumzi moja tu, kila kitu kilikuwa sawa. Kisha sauti ikaendelea, "Sasa utume mawese bidoni mbili, na safari hii usiongeze maji, ile ya kwanza imenipatisha haya kwa wateja. À vous, zamu yako."

Msichana mmoja wa chorale akajaza kitambaa mdomoni, lakini haikusaidia, na baada yake kanisa zima likaangua kicheko. Pasta alianza kuomba ili kutuliza watu, mabega yake yanatetemeka.

Ilikuwa Papa Muhindo, mwenye foni (ile redio ya kuitana kijiji kwa kijiji), ambaye nyumba yake imegusana na kanisa na waya wake unapita juu ya bati, akizungumza na muuza mawese wake wa Ntoto. Walimwita, akaja anashangaa.

"Safari tulikosana naye juu ya kitu hii," akasema. "Sauti yangu ilikuwa inaingia mu gitaa yake. Tukajaribu siku mingi, akaweka makaratasi ya sigara na kawaya, nikapotea. Weye umefanya nini?"

"Nimezitoa."

"Yote?"

"Yote."

Baadaye tukaketi uani kugawana. Papa Mukubwa alijifuta machozi, sijui ya kilio au ya kicheko, akasema, "Bahati, nilikuambia iimbe. Sikukuambia ipige biashara ya mawese. Itaenda kwa chorale."

Mama Neema, ambaye peke yake hakucheka, akasimama.

"Papa Mukubwa, ile gitaa itabaki ku nyumba yangu."

"Utaipiga, mama?"

"Sitaipiga. Lakini ikiita tena, iite kwangu. Huyu amekwisha kusema yake. Mie sijasema."

Hakuna aliyebishana. Akaichukua mikononi vile wanavyobeba mtoto aliyelala, akaingia nayo ndani.

Tangu siku ile nimeapa sitafungua kitu kilichofungwa na mkono wa marehemu, hata kama ni mlango wa kibanda cha kuku, kabla ya kuuliza waliokuwa naye. Watu wananiuliza kama nilikuwa natania pale mbele. Sikutania. Najua vizuri alikuwa Papa Muhindo na mawese yake, lakini maneno niliyosema yalikuwa ya kumwambia kaka, na yalinitoka, na sasa nameza chakula bila taabu.

Gitaa naitaka bado. Nikifika Kalembe napita kwa shemeji, ananipa bugali na sombe (kisamvu), tunaongea habari za watoto, na ile gitaa imetundikwa ukutani. Siombi kuigusa. Ninavuta tu kiti upande ule.