Bomu la Polepole

Mama Martine alimjua yule mtafsiri wa filamu kabla hajamwona, kwa sauti tu, kama nusu ya Kalemie inavyomjua. Katika banda lake la video haachi risasi ipite bila kuitangaza, wala mtu afe bila kumlilia. Lakini Jumamosi asubuhi ni zamu ya watoto ambao kelele huwaumiza, kama Arlette, binti wa Mama Martine, na hapo anakuwa mtu mwingine. Jenereta hulisukuma mpaka nyuma kabisa ya nyumba, pazia hulifungua nusu ili mwanga uingie, spika huzizima, na viatu vyake vizito huvivua mlangoni. Kisha husimama kando ya skrini, mikono mikubwa ikicheza hewani, shingo imemvimba kwa makelele anayoyameza, akatafsiri vita vyote kwa mnong'ono.

"Bomu njo hii, inakuja," alinong'ona Jumamosi iliyopita. "Musiogope. Italipuka polepole."

Skrini ikajaa moto. Yeye akapuliza tu, "puu," kama anayepoza uji.

Arlette, aliyekuwa ameziba masikio tangu mlangoni, akashusha mikono. Akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama fundi aliyeharibu kazi.

"Hapana, Papa. Bomu inalia hivi." Akajaza kifua. "BUUUM!"

Kuku waliokuwa nje wakatawanyika. Mtafsiri alikuwa ameshaziba masikio yake, macho yamemtoka.

"Polepole, Mama," akamsihi Arlette. "Humu muko batoto."