Licencié wa Familia ya Katungu

Katungu anashona nguo katika kibanda cha mbao huko Ndosho, mjini Goma, kwa cherehani ya miguu, na ana tabia moja inayowachosha wateja wake: husoma kila karatasi mpaka mwisho. Ukimletea vipimo vilivyoandikwa kwenye kipande cha daftari, atavisoma kwa kidole, taratibu, kisha atageuza karatasi aangalie nyuma. Miaka kumi na minne iliyopita alishona gauni la harusi kwa kufuata upande mmoja tu. Upande wa pili ndiko mama wa bibi harusi alikokuwa ameandika kwamba binti ana mimba ya miezi saba. Gauni liligoma kufungwa mbele ya parokia nzima. Tangu siku hiyo Katungu hukagua nyuma.

Ndiyo maana, kati ya wazazi mia mbili na ushei wa Complexe Scolaire La Toge d'Or, ni yeye peke yake aliyesoma kurasa zote tisa za Mapatano ya Familia na Chuo Kikuu. Wengine walitia sahihi pale walipoonyeshwa kwa kalamu.

La Toge d'Or, yaani Joho la Dhahabu, ni shule ya msingi. Jambo hilo lafaa kusemwa mapema, kwa sababu ukifika huwezi kulitambua. Mkurugenzi wake, Bwana Janvier, alikwenda kwenye mafunzo ya siku tatu katika hoteli moja kando ya ziwa, akarudi na mkoba wenye nembo na imani mpya: mtoto asiyeona chuo kikuu akiwa na miaka sita hatakiona akiwa na ishirini. Jumatatu iliyofuata madarasa yaliitwa auditoires, kama kule chuoni. Walimu wakawa Assistants. Ubao wa matangazo ukawa valve. Mzee Nzabonimpa, mlinzi wa lango, akawa Appariteur, na Bwana Janvier mwenyewe, kwa unyenyekevu, akakubali kuitwa Recteur, mkuu wa chuo kikuu. Choo tu ndicho kilichobaki na jina lake.

Watoto wa darasa la kwanza, ambao bado walikuwa wakihangaika na herufi za majina yao, walitakiwa kuchagua fakulteti. Thelathini na mmoja walichagua udaktari, wanne sheria. Mmoja alisema anataka kuwa ng'ombe, akaandikwa kwenye tiba ya mifugo.

Familia nazo hazikusahauliwa. Kila mzazi alipewa carnet, kijitabu chenye viboksi vitano, kila kiboksi kikisubiri mhuri. Mhuri wa kwanza ulikuwa wa kuhudhuria mkutano juu ya ndoto za mtoto, uliofanyika Alhamisi saa nne asubuhi, saa ambayo wazazi wenye kazi wako kazini na wasio na kazi wako njiani kuitafuta. Wa tatu ulikuwa wa kutenga nyumbani kona ya masomo, na tume ya Assistants wawili ilipita kuikagua. Kwa Katungu waliikuta kona hiyo nyuma ya marobota ya vitambaa, na taa yake haikuwa na umeme, lakini mtoto alikuwepo na alikuwa akisoma. Waliandika: inatosha, kwa masharti.

Kufikia Pasaka Katungu alikuwa na mihuri minne. Wa tano ulikuwa wa kuleta shuleni licencié wa familia, yaani mtu wa ukoo aliyemaliza chuo kikuu, aje awatolee watoto ushuhuda. Na kifungu cha saba, ukurasa wa sita, kilisema waziwazi: mtoto wa darasa la sita ambaye carnet ya wazazi wake haina mihuri mitano, jina lake halitapelekwa kwenye orodha ya mtihani wa serikali.

Wazazi wengine walipoelezwa jambo hilo waliona ni mkwara tu. Katungu hakuona hivyo. Yeye mwenyewe aliishia kwenye lango la mtihani huohuo kule Butembo, si kwa kushindwa, bali kwa sababu karatasi ya mzazi haikutiwa sahihi: baba yake alikuwa safarini na lori la vitunguu, na mkurugenzi wa wakati ule hakupokea sahihi ya mama. Sasa mume wake, Sikuli, naye alikuwa amekwama na bidhaa zake upande wa Butembo, akipiga simu Jumapili mtandao ukikubali. Na Micheline, binti yao wa miaka kumi na miwili, wa kwanza darasani kwa hesabu, alikuwa anasubiri orodha.

Licencié wa familia yao alikuwa mmoja: Benny, mdogo wake Sikuli. Alikuja kibandani siku ya Jumatano, kushonewa zipu ya gilet yake ya motard, kizibao cha namba wanachovaa madereva wa pikipiki za abiria.

"Shemeji, siku ya posho, saa tatu, unakuya ku masomo ya Micheline," Katungu alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye zipu. Siku ya posho kwao ni Jumamosi.

"Kufanya nini?"

"Kutoa ushuhuda. Weye njo licencié wetu."

"Licencié wenu." Benny alikaa juu ya robota la kitambaa. "Mama Micheline, miye nilisoma relations internationales. Kila siku napeleka watu mpaka ku barrière ya Rwanda, nawaacha pale, narudia. Relations zangu zote zinaishiaka pale. Nitaambia watoto nini?"

"Utawaambia ivo."

"Watalia."

"Walie. Miye nataka cachet ya tano."

Benny alicheka. Mara ya mwisho alipojitambulisha mbele za watu kama licencié ilikuwa kwenye mahojiano ya kazi ya kuhesabu magunia ya unga, na kazi ilichukuliwa na mtu wa miaka sita ya shule aliyejua kuhesabu bila kujadiliana.

"Vaa shati nyeupe," Katungu aliendelea. "Na hii gilet uiache ku nyumba."

"Gilet niache? Siku ya posho ni siku ya kazi. Nitoke bila gilet, polisi wanishike mbele ya Recteur wenu, njo utaona ushuhuda."

Katungu akamrudishia gilet. Zipu ilipanda na kushuka kama maji. Alikuwa ameshona pia, kwa agizo la shule, toge moja nyeusi, joho ambalo kila licencié angelivaa kwa zamu. Recteur alitaka vipimo vichukuliwe kwenye mwili wake. Recteur ni mfupi na mpana.

Jumamosi saa tatu familia tisa za darasa la sita zilizobaki bila mhuri wa tano zilikaa uwanjani kwenye viti vya plastiki, juu ya changarawe nyeusi ya volkano iliyokuwa ikichimba miguu ya viti. Toge ilining'inia kwenye msumari karibu na valve. Walitarajiwa licenciés tisa. Saa tatu na nusu hakuwa amefika hata mmoja. Nje ya ukuta zilisikika honi za pikipiki na sauti ya mzee Nzabonimpa akifukuza watu.

Recteur alisimama. Alisema kwamba amesikitika, ila hakushangaa. Alisema shule imefanya upande wake, na kwamba kuna familia zinazotaka mtoto avuke mto huku zenyewe zimekaa ng'ambo zikila mahindi. "Leo mhuri wa tano hautapigwa," alisema, na akafunga kisanduku cha mhuri ili wote waone kikifungwa.

Mama Nyiransabimana, aliyekaa jirani na Katungu, alimnong'oneza: "Wa kwangu alipiga simu tangu saa mbili. Alisema amefika."

Katungu aliangalia kile kisanduku, kisha akainuka, akatoka mpaka langoni.

Nje, kando ya ukuta wa mawe meusi, zilikuwa zimepangwa pikipiki tisa, na juu yake wameketi vijana tisa wenye gilet za namba, mashati meupe yakichungulia shingoni. Mmoja wao, Jean de Dieu, mwanasheria, alikuwa akiwaeleza wenzake kwa Kifaransa cha kupigwa pasi kwamba amri ya kuwazuia haina msingi wowote katika sheria. Wenzake walikubaliana naye kabisa. Hakuna aliyekuwa ameingia.

"Mama Micheline," Benny alisema, "uyu muzee anasema anangoja walicencié. Tulimwambia ni siye. Alicheka mpaka akaikala chini."

Nzabonimpa hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameshika fimbo na karatasi. "Mama, miye niko na consigne. Recteur mwenyewe aliandika: motards wote mita makumi mbili mbali na porte, wasisumbue wageni. Motard ni motard. Kama awa ni walicencié, basi miye ni Appariteur."

"Ni weye Appariteur, muzee," Katungu alimkumbusha.

Mzee alilifikiria jambo hilo. Miezi saba alikuwa akiitwa hivyo na hajawahi kulihusisha na maisha yake.

"Wanionyeshe makaratasi," alisema mwishowe.

Hapo lilitokea jambo ambalo pengine hutokea Goma pekee. Vijana tisa waliteremka, wakafungua viti vya pikipiki zao, na kutoka chini ya kiti, kati ya bima na spana, kila mmoja akatoa diploma yake ya chuo kikuu iliyopigwa plastiki. Njiani huombwa karatasi nyingi, na hakuna ajuaye ipi itatosha. Nzabonimpa alizipitia zote, moja akiwa ameishika kichwa chini, akaridhika na mihuri, akafungua lango.

Waliingia kwa mstari mmoja. Recteur aliwatazama kwa zamu, namba baada ya namba, kama mtu aliyeagiza keki akaletewa mihogo. Lakini wageni wamefika na watoto wamekaa, akaamuru toge ivaliwe juu ya gilet. Benny aliitwa kwanza. Ni mrefu. Toge ilimfika magotini, na chini yake ilichungulia gilet ya manjano ikiwaka kama taa ya breki.

Alisema alisoma relations internationales, akasema anawasalimu, akaishiwa. Assistant akaomba maswali. Mvulana wa mstari wa mbele aliinua mkono.

"Papa, université ni myaka ngapi?"

"Mitano," Benny alijibu. "Kwangu saba, juu ya grèves, migomo ya walimu."

"Na kujifunza moto?" mvulana aliuliza, akizungusha mkono kama anayeongeza mwendo wa pikipiki.

Benny alimwangalia Recteur. Recteur aliangalia mawingu.

"Siku mbili," Benny alisema.

Watoto wa darasa la sita, ambao kwa mwaka mzima walifundishwa kutumia hesabu katika maisha, waliinamia madaftari na kuanza kugawanya. Micheline alimaliza wa kwanza, kama kawaida, na kwa heshima ya baba yake mdogo hakutaja jibu.

Recteur alikatiza ushuhuda. Aliwashukuru wageni, akasema licenciés wanane waliobaki hawana haja ya kujisumbua, na kwamba mhuri hautapigwa. "Chuo kikuu ni mfano," alisema. "Hapa sijaona mfano. Nimeona parking."

Wazazi walianza kuinuka na kung'uta changarawe. Katungu hakuinuka. Alitoa kwenye mkoba wake kurasa tisa zilizokunjwa, akazikunjua juu ya magoti, akaweka kidole.

"Recteur, naomba tusome pamoja. Ukurasa wa sita."

"Mama Micheline, tunayajua Mapatano. Ni siye tuliyaandika."

"Ndiyo, Recteur. Niko nasoma tu." Alisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kwa mwendo wa mtu anayekata kitambaa cha mtu mwingine: "Familia italeta licencié mmoja wa ukoo, mwenye diploma, atakayezungumza na watoto kwa ukweli. Nukta." Akageuza karatasi. "Niliangalia na nyuma. Aiko kitu."

"Kuna maandishi, mama, na kuna roho ya maandishi," Recteur alisema.

Jean de Dieu aliinua mkono. Juu ya roho ya maandishi, alisema, alikuwa ameandika kazi yake ya mwisho wa masomo, kurasa mia moja na kumi, na kama Recteur anaruhusu angependa kuanza na utangulizi. Wawili wengine waliosoma sheria nao walisogea. Mchumi akauliza kama kuna viti.

Recteur alitazama saa. Amewahi kuwa mwanafunzi. Anajua jinsi wanasheria wasio na kazi wanavyoweza kuimaliza Jumamosi. Alifungua kisanduku. Akapiga mhuri kwenye carnet ya Katungu kwa nguvu ya mtu anayeua mende, kisha kwenye nyingine nane, na wino ukawa hafifu kila mara mpaka mhuri wa mwisho ikabidi kuuamini tu.

Jumatatu asubuhi Katungu alipita shuleni kabla ya kufungua kibanda. Kwenye valve kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa tangazo: Mapatano yameongezwa ukurasa wa kumi. Kuanzia mwaka ujao licencié atakayekuja na gilet ataiacha kwa Appariteur, na shule itashonesha toge tisa, ndefu, za vifungo mpaka shingoni. Mshonaji angejulishwa.

Ya pili ilikuwa orodha ya mtihani. Katungu aliisoma kwa kidole kuanzia jina la kwanza. Micheline alikuwa wa kumi na nne. Hakuishia hapo, alisoma mpaka wa thelathini na nane, na sahihi, na tarehe. Kisha alitazama kama kuna mtu anayemwona. Alikuwepo mzee Nzabonimpa peke yake, naye akageuka upande mwingine kwa adabu ya kichuo.

Katungu aliingiza ukucha chini ya pini ya chini, akainua karatasi, akaangalia nyuma.

Hapakuwa na kitu. Akaibandika tena, akaenda kushona.