Makopo Mawili ya Waridi

Mtaa mzima wa Buyenzi ulimjua Waridi kwa vitumbua vyake na kwa ulimi wake, na vyote viwili viliunguza. Ramadhani ile, mwaka wa pili tangu mfalme aondolewe na nchi iwe jamhuri, alikuwa akimtazama mtu mmoja tu.

Mumewe Akilimali, fundi wa magari, alikuwa amekonda hadi akatoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari. Gereji walisema ni saumu. Lakini ikifika futari alimaliza birika zima la maji kabla ya kugusa tende, na chooni alikwenda mara sita kabla ya tarawehe.

Kisha wakaja sisimizi. Waridi aliwakuta chooni akifagia, mstari mweusi mpaka pale anapokojoa mumewe. Akamwaga majivu. Kesho yake wamerudi. Alikumbuka kwao Uvira, baba yake mzazi akiomba maji, akiomba tena, nao nyumbani wakifagia sisimizi kama hawa, wakisema jirani kawatuma kwa uchawi. Walimzika mwezi uleule.

"Baba Zaina, twende hospitali," alimwambia mumewe.

"Mi mugonjwa? Ni funga tu. Tutaenda kisha Idi."

"Kisha Idi mi nitakuwa mu eda."

Akilimali akacheka. "We mwanamuke, wale wadudu wanafuata sukari ya vitumbua vyako."

Waridi alitafuta makopo mawili matupu ya maziwa, akakojoa katika moja, akampa mumewe la pili. "Jaza." Akayaweka uani, chini ya ukuta wa choo, katika njia ya sisimizi, lake mbele, la mumewe nyuma. Wakakaa kwenye mkeka, wakangoja, Waridi akiomba Mungu amuumbue yeye, iwe ni vitumbua kweli.

Sisimizi walilifikia kopo lake, wakalizunguka bila kusimama, wakapanda la Akilimali.

Akilimali alitazama mpaka ukingo ukawa mweusi.

"Baba yako naye, ilikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

Adhana ya magharibi ilikuwa mbali bado. Akilimali akachukua kikombe cha maji, akanywa mbele ya mkewe, maji yakimwagika kifuani.

"Leta viatu."

Hospitalini, muuguzi Gélase alichemsha mkojo wa Akilimali na dawa ya buluu juu ya moto. Ukawa kijani, ukawa manjano, ukatulia mwekundu kama tofali: sukari tele.

"Nani aliwaambia mukuje leo, mama? Mungengoja Idi, mungekuja na sanda."

Waridi alishika mkanda wa mumewe pale penye tundu jipya, na wauguzi walipompeleka Akilimali kitandani alikwenda naye, mkanda hakuuachia.