Miwani ya Daktari na Mguu Wangu wa Kulia

Mguu wangu mbovu ulikuwa wa kushoto. Uvimbe ulikuwa ndani ya mfupa, chini ya goti. Kwa nje huoni kitu. Jioni ya kuamkia upasuaji, pale hospitali Dodoma mjini, daktari alinichora mshale wa wino kwenye mguu huo.

Sisi watu wa milima ya Kondoa mtu haingii kwenye kisu bila josho, maana huenda usirudi. Alfajiri mke wangu akanipelekea ndoo bafuni, nikajisugua kwa dodoki mpaka wino wote ukatoka. Wino ukibaki, maji hayafiki kwenye ngozi, na josho linakuwa halijatimia. Hakuna aliyekuwa amenikataza.

Wakanidunga sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka chini nikawa gogo, ila kichwa kizima. Wakaweka pazia la kijani kifuani. Daktari akavaa miwani mipya, ile inayomwonyesha picha ya mfupa juu ya mguu kama vile ameshauchana. Madaktari wenzake huko mbali walikuwa wanatazama kupitia miwani hiyohiyo, na akawa anaongea nao kuliko na sisi tuliokuwa mle ndani.

"Dokta, alama siioni," nesi akasema.

"Ya nini, sista? Uvimbe huu hapa, nauona kweupe."

"Mguu upi?" nikauliza.

"Wa kulia, mzee. Tulia."

"Ni wa kushoto!"

Akacheka, akawaambia wale wa kwenye miwani, "Leo mgonjwa wetu naye ni bingwa."

Mtu wa usingizi, yule aliyenidunga sindano, akanigusa bega. "Baba, ni dawa hizo. Zinachanganya."

Nikajaribu kuuvuta mguu. Utavuta nini, na miguu si yako? Nikapiga kelele, "Huo ndio ninaotembelea! Mtaniachia nini?"

"Mzee, ukiendelea tutakulaza kabisa," daktari akasema.

Nikasikia harufu ya nyama kuungua, na nyama ni yangu. Kisha mashine ikalia, ikazama kwenye mfupa, halafu ikanyamaza ghafla.

"Mfupa mzima huu," daktari akasema polepole. "Picha imegeuzwa, kushoto kumekuwa kulia."

Akaivua miwani, wenzake wa mbali wasione.

Majina yao siandiki, ila kazi zao nazitaja. Aliyegeuza picha ni fundi wa kompyuta, aliyeiingiza kwenye miwani. Aliyenichana ni daktari bingwa. Aliyeniambia nimechanganyikiwa ni mtu wa usingizi. Na nesi aliona alama haipo, akauliza mara moja, basi.

Kesho yake daktari alikuja wodini. "Pole, mzee. Lakini na wewe, ungetuachia alama yetu."

"Alama niliiosha, daktari. Mdomo sikuuosha. Nilikwambia."

Akageukia kitanda cha jirani, akamuuliza kama amekula.

Wa kushoto waliutibu siku ileile ya upasuaji, umepona. Wa kulia ndio unaokataa mlima. Shamba langu liko juu, na siku hizi nikitoka kule nateremka kwa kukaa, najiburuta chini kama mtoto, mke wangu akitangulia na majembe yote mawili.