Ukambaa wa Pili wa Mwanasha

Saa moja na nusu asubuhi, Mwanasha Mbarak ameshaketi jamvini nyuma ya nyumba yake, Kinondo. Anakunja jani la mnazi juu ya ufito, analishona, anakunja jingine. Kila afikishapo makuti kumi, hufunga fundo kwenye ukambaa uliotundikwa msumarini.

"Daftari hulowa mvua," anasema.

Kando yake umetundikwa ukambaa wa pili. Huo si wa makuti.

Mwanasha, mwenye miaka thelathini na mmoja, na mumewe Sefu, anayeezeka mapaa ya hoteli za Diani, wametafuta mtoto kwa miaka minne. Kila mwezi ukiandama, Mwanasha hufunga uzi mwekundu kwenye ukambaa huo. Hedhi ikija, huupiga uzi huo fundo.

Mwaka jana, nyuzi tatu zilifuatana bila fundo. Kisha matiti yakaanza kutoa maziwa.

Mama mkwe wake, Bi Hanifa, aliiona leso imelowa. Hakuuliza neno, kwani kwao mimba changa haisemwi. Alimnyang'anya mzigo wa makuti, akampikia uji wa pilipili manga, akatoa sandukuni ubeleko aliombebea Sefu.

"Nilijua mjukuu keshafika," anasema, akijifunika uso kwa mtandio. "Kumbe mimi ndiye niliyemchelewesha mwanangu kwenda hospitali."

Miezi miwili zaidi ilipita katika ukimya huo. Walipokwenda hospitali Msambweni, kipimo kilionyesha hakuna mimba.

"Nililia njia nzima," anasema Mwanasha. "Sefu alinishika mkono, mbele za watu, naye ni mwenye haya!"

Daktari aliyewapokea, Caroline, alimwuliza tarehe za hedhi. Mwanasha akatoa ukambaa mkobani. Daktari alizihesabu nyuzi moja moja.

"Dada, wengi hunijibu hawakumbuki," alimwambia. "Wewe umeniletea miaka minne."

Kipimo cha damu kilionyesha kuwa homoni inayoleta maziwa imepanda mno. Kwa nini imepanda, hakuna ajuaye bado. Jumanne ijayo Mwanasha atapigwa picha ya kichwa Mombasa, kwani homoni hiyo hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo.

"Naogopa," anakiri. "Lakini ni afadhali kujua."

Bi Hanifa alitaka kuurudisha ubeleko sandukuni. Mwanasha akakataa. "Uache hapo hapo, mama. Nimeshauzoea."

Sefu ameomba ruhusa kazini ili amsindikize. Asubuhi hii anakunywa chai mlangoni, akimtazama mama yake akisuka ukambaa mpya, kwa kuwa ule wa zamani umejaa.

"Mama, huo mrefu hivyo ni wa kufungia ng'ombe?"

"Nyamaza wewe! Utakuwa na nyuzi za matibabu kwanza," anajibu Bi Hanifa bila kuinua macho. "Kisha nimeacha nafasi ya nyuzi tisa zisizo na fundo."

Mwanasha anacheka mpaka ufito unamponyoka. Anauokota, anachukua jani jingine.