Kigamba Kimoja Kando ya Ziwa

Ijumaa ile nilitoka Bukoba na kamera yangu hadi Izigo, wilayani Muleba, nikitumaini kupiga picha za kobe wa majini. Nilimkuta shangazi yangu ameketi mlangoni, mundu mapajani. Jumapili wakwe wangekuja kumposa mjukuu wake, na sakafu ya sebule ilipaswa kutandikwa nyasi mbichi, zile laini zinazoota kando ya ziwa. Asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kuzikata, akamwona humo nyoka mweusi, mnene, akarudi mikono mitupu.

"Ni swila," alisema. "Wakwe watakanyaga saruji tupu. Aibu gani hii?"

Nilimwomba asubiri siku moja. Swila, mwenye sumu kali, hana kile kigamba kidogo kinachokaa kati ya kigamba cha pua na kile cha mbele ya jicho; nyoka wa maji wa ziwa letu, asiye na sumu, anacho. Picha moja ya ubavu wa kichwa, iliyo safi, ingetosha. Bila picha hiyo nisingethubutu kumruhusu ashuke na mundu wake.

Jumamosi, umande haujakauka, nililala kifudifudi topeni, mbali na nyasi, lenzi ndefu ikielekea kwenye mwamba. Shangazi alisimama juu njiani.

"Mwalimu mzima umelala kama kambale! Ndiyo maana ulichelewa kuoa."

"Shangazi waitu," nilimbembeleza kwa Kihaya, "unawafukuza kobe."

Hata hivyo walikuja, watatu, wakapanda mwambani kwa zamu, wakanyoosha shingo na miguu ya nyuma juani. Niliwapiga picha kwa furaha hata nikamsahau nyoka. Ghafla mkubwa wao akajitosa majini, chubwi! Nyasi zikatikisika, kichwa cheusi kikainuka, kikageuka upande. Nilibonyeza mara nne.

Picha tatu zilikuwa na ukungu. Ya nne niliikuza, nikahesabu vigamba kutoka puani hadi jichoni, kisha kutoka jichoni hadi puani.

"Kipo!" nilipaza sauti.

"Nani yupo?"

"Kigamba!"

Hakungoja maelezo. Alikwishakunja gauni, anateremka, na nyoka akampisha kwa adabu, akaingia ziwani.

Jumapili wakwe waliketi, sebule nzima ikinukia nyasi. "Karibuni sana," shangazi aliwaambia. "Msiwe na wasiwasi, mwalimu amemkagua nyoka wake kigamba kwa kigamba."

Baba wa bwana harusi alitazama chini, akainua miguu yote miwili.